Mshauri wa Akiba za Wananchi Naye Awe na Cheti

DEREVA wa basi litokalo Mbeya kwenda Iringa hashiki usukani pasipo leseni, na askari wa usalama barabarani anayemsimamisha Igawa au Makambako ana haki ya kuidai. Muuza dawa hafungui duka bila kibali. Wakili hasimami mahakamani mpaka jina lake liandikwe katika orodha ya mawakili. Mhandisi, mpimaji wa ardhi, muuguzi na mkaguzi wa hesabu, kila mmoja wao anayo bodi inayomjua, iliyompima, na inayoweza kumvua heshima ya kazi yake akikosea. Taifa limefanya hivyo kwa sababu moja iliyo wazi: kazi ikiwa ya aina ambayo mwananchi wa kawaida hawezi kuipima mwenyewe, basi mtu mwingine mwenye ujuzi aipime kwa niaba yake.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye hadi leo hatumdai kitu. Ni yule anayeketi sebuleni kwa mwalimu aliyestaafu jana, akanywa chai yake, akasikiliza habari za watoto na za mashamba, kisha akamwambia: "Mzee, fedha hizo usizilaze benki, mimi nitakuonyesha pa kuziweka." Mtu huyo haulizwi amesoma wapi. Haulizwi analipwa na nani. Haulizwi atajibu mbele ya nani fedha zikipotea. Na fedha anazozizungumzia aghalabu ndizo zote alizo nazo mzee huyo, jasho la miaka thelathini na zaidi, ambalo halitarudi tena.

Gazeti hili linaona kwamba wakati umefika wa kumtambua mshauri wa mipango ya fedha binafsi kuwa ni mwanataaluma kama wanataaluma wengine, apewe mafunzo, apimwe, aapishwe na asajiliwe. Tunalisema hilo tukijua kwamba cheti pekee si dawa ya kila ugonjwa. Na tunalisema kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini, ambako jambo hili, ijapokuwa lina sura ya mijini, linagusa vijiji vyetu kwa uzito mkubwa.

Fedha za mara moja

Mfanyakazi wa mwezi hadi mwezi hujifunza kuishi kwa mshahara. Akikosea mwezi huu, mwezi ujao humpa nafasi ya kujirekebisha. Si hivyo kwa fedha zinazokuja mara moja katika maisha, na mikoa yetu ni mikoa ya fedha za namna hiyo.

Tuchukue kwanza mstaafu. Wananchi wanakumbuka mjadala mkali wa kikokotoo: jinsi kanuni za mwaka 2018 zilivyopunguza fedha za mkupuo, jinsi utekelezaji wake ulivyosimamishwa mwishoni mwa mwaka ule ule, jinsi kanuni mpya zilivyoanza Julai 2022 kwa asilimia 33, na jinsi Bajeti ya mwaka 2024/25 ilivyopandisha kiwango hicho hadi asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wakipata asilimia 50 hapo zamani. Mjadala huo ulihusu ni kiasi gani mstaafu apewe. Haukugusa sana swali la pili, ambalo si dogo kuliko la kwanza: akishapewa, nani atamsaidia kukitumia?

Hesabu yenyewe ni hii. Mwalimu aliyetumikia miezi 420, yaani miaka 35, na ambaye wastani wa mshahara unaotumika kukokotoa mafao yake ni Sh. 1,000,000 kwa mwezi, atapata mkupuo wa kama Sh. 43,400,000 na pensheni ya kama Sh. 434,000 kila mwezi. Mtazame mtu huyo vizuri. Maisha yake yote hajapata kushika hata milioni tano kwa wakati mmoja isipokuwa kwa mkopo. Sasa anapokea arobaini na tatu katika siku moja, na katika mwezi ule ule kipato chake cha kawaida kinashuka kuwa chini ya nusu ya mshahara aliouzoea. Mkupuo ule ni sawa na pensheni yake ya miezi mia moja. Akiutumia kwa busara, utamziba pengo kwa miaka mingi. Akiupoteza katika mwaka wa kwanza, hana njia ya kuupata tena, kwa maana hana mwajiri, na benki nazo hazimpendi mzee wa miaka 60 asiye na dhamana.

Mtu huyo hana haja ya kuambiwa tu kwamba akiba ni jambo jema. Anahitaji mtu atakayeketi naye na kalamu: deni la chama cha akiba na mikopo lililobaki ni kiasi gani, nyumba imefika wapi, mtoto wa mwisho yuko kidato cha ngapi, matibabu yatalipwa na nani, mke au mume atapata nini mauti yakija, fedha za kula ziwekwe wapi na fedha za miaka kumi ijayo ziwekwe wapi. Hiyo ndiyo mipango ya fedha binafsi.

Tuje kwa mkulima. Katika Mufindi, pembeni mwa msitu mkubwa wa Serikali wa Sao Hill, maelfu ya wananchi wamepanda misonobari na mikaratusi katika mashamba yao wenyewe. Msonobari wa mbao hudai miaka kumi na mitano hadi ishirini na zaidi. Mwenye shamba ambaye ada ya shule imemkaba huuza miti ingali michanga, kwa bei ya mnunuzi, kwa sababu hakuwa na akiba nyingine ya kumvusha. Mwingine huvumilia mpaka miti ikomae, kisha moto wa siku moja unamrudisha mwanzo, kwa maana hakupata kuambiwa habari za bima wala habari za kutoweka mali yote mahali pamoja. Kwa mkulima huyo mti ndio benki, ndio bima, ndio pensheni. Ni mpango wa fedha, lakini ni mpango wenye mguu mmoja.

Kule Kyela nako, wakulima wa kakao waliona mwaka 2024 jambo ambalo halikupata kuonekana: bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani moja. Mwaka uliofuata ilianza kuporomoka. Mwaka wa neema kama ule ndio hasa unaotaka mshauri, kwa sababu katika mwaka wa njaa kila mtu anajua la kufanya, lakini katika mwaka wa wingi wauzaji wa kila kitu hufika mlangoni, na mkulima hudhani kwamba bei ya leo ndiyo bei ya daima.

Milango mingi

Yupo atakayeuliza: mbona wazee wetu waliishi bila washauri wa fedha? Jibu ni kwamba wazee wetu hawakuwa na mengi ya kuchagua. Baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, mwananchi wa Iringa aliyetaka kuweka fedha alikwenda Benki ya Taifa ya Biashara au Posta. Aliyetaka bima alikwenda Shirika la Bima la Taifa, wala hapakuwa na lingine. Mfanyakazi alikatwa mchango wa akiba ya wafanyakazi, na habari ikaishia hapo. Mlango ulikuwa mmoja, na anayeingia mlango mmoja hahitaji kiongozi wa njia.

Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 ilifungua milango mingine. Bima ikafunguliwa katika miaka iliyofuata. Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara mwaka 1998. Mwaka 2005 ukaanza Mfuko wa Umoja, wa kwanza wa uwekezaji wa pamoja, na baadaye ukafuatiwa na mingine. Hati fungani za Serikali, ambazo zamani zilidhaniwa kuwa ni mambo ya mabenki tu, leo mwananchi mwenye Sh. 1,000,000 aweza kuzinunua, za miaka miwili hadi ishirini na mitano. Juu ya hayo yote ipo mitandao ya simu, ipo mikopo ya simu, vipo vikoba katika kila mtaa, na zipo kampuni za mikopo katika kila stendi.

Hayo ni maendeleo, nasi tunayapongeza. Lakini milango ikiwa mingi, na mingine ikiwa ni ya kweli na mingine imechorwa ukutani, mwananchi asiye na mwenyeji atagonga kichwa.

Mafunzo machungu

Hatusemi kwa nadharia. Kati ya mwaka 2007 na 2009 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walipeleka fedha zao DECI, wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu na watavuna. Ulikuwa ni upatu: aliyetangulia alilipwa kwa fedha za aliyefuata. Upatu wa majirani kumi wanaojuana, wanaopokezana kwa zamu, ni mila yetu njema. Ule wa watu wasiojuana, wenye ahadi ya faida isiyotokana na kazi yo yote, ni wizi uliovaa joho, na Kanuni ya Adhabu inaukataza. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake wanne.

Miaka ikapita, watu wakasahau. Mapema mwaka 2025 ikawa zamu ya LBL, iliyojiita Leo Beneath London, ambayo iliwaahidi watu malipo kwa kutazama matangazo ya filamu katika simu, baada ya kutanguliza kiingilio. Benki Kuu ikatangaza kwamba haikuwa na leseni, na polisi wakaanza kukamata. Kabla ya hapo, Novemba 2024, Benki Kuu ilikuwa imetaja programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Tuangalie jambo moja katika visa hivyo. Katika DECI, na katika LBL vile vile, aliyemleta mwananchi hakuwa mgeni. Alikuwa ni mwumini mwenzake, mwalimu mwenzake, shemeji yake, jirani wa nyumba ya pili. Kikulacho ki nguoni mwako. Wengi wa walioleta wenzao hawakuwa wezi. Waliamini wenyewe, wakapoteza wenyewe. Walikuwa ni washauri wa fedha wasiojua kwamba ni washauri, na wasiojua fedha. Hapo ndipo penye hatari. Uaminifu wa undugu ni hazina ya jamii yetu, lakini uaminifu pasipo ujuzi humpeleka ndugu shimoni kwa nia njema.

Lipo na funzo la aina nyingine, ambalo halikutokana na matapeli. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo zilizopungukiwa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Hiyo ilikuwa ni benki halali, yenye leseni, iliyoanzishwa kwa nia ya kuwasaidia wananchi wenyewe. Hata hivyo mwenye akiba pale alihakikishiwa na Bodi ya Bima ya Amana Sh. 1,500,000 tu, kilichozidi kilimlazimu kungoja ufilisi. Kiwango hicho kimepandishwa tangu wakati ule, lakini swali linabaki: ni wateja wangapi waliojua siku walipoweka fedha kwamba bima ya amana ina kikomo? Mshauri aliyehitimu angewaambia katika dakika tano za kwanza. Muuzaji hakuwa na sababu ya kuwaambia.

Muuzaji na mshauri

Hapo tumefika kwenye kiini cha hoja yetu. Si kweli kwamba sekta ya fedha haina wasimamizi. Benki Kuu inasimamia mabenki, na kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inasimamia pia wakopeshaji wadogo, huku vyama vya akiba na mikopo vikiangaliwa kwa karibu na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vya kijamii vikisajiliwa katika halmashauri. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa leseni kwa madalali wa hisa na washauri wa uwekezaji. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inatoa leseni kwa mawakala wa bima. Mamlaka ya Mapato inasajili washauri wa kodi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu imekuwapo tangu sheria ya mwaka 1972, na Taasisi ya Mabenki inatahini maofisa wa benki.

Lakini tazama jinsi leseni hizo zilivyogawanywa. Zimegawanywa kwa bidhaa. Wakala wa bima anajua bima, na analipwa kamisheni ya bima. Dalali wa hisa anajua hisa, na analipwa kwa hisa zinazonunuliwa. Ofisa mikopo anajua mikopo, na anapimwa kwa mikopo aliyoitoa. Kila mmoja ana ng'ombe wake anayemuuza, na hatuna haki ya kumlaumu kwa kumsifia. Anayekosekana ni mtu anayeanzia kwa mwenye nyumba badala ya kuanzia kwa ng'ombe. Mtu awezaye kumwambia mstaafu, "Lipa deni lako kwanza, usinunue cho chote mwaka huu," ijapokuwa kwa maneno hayo yeye mwenyewe hapati kamisheni hata senti.

Mtu wa namna hiyo hana bodi ya taifa iliyoundwa kwa sheria kwa ajili yake, wala jina lake halilindwi. Ye yote aweza kuchapisha kadi na kujiita mshauri wa fedha. Ndiyo maana mwenye ujuzi na asiye nao huonekana sawa machoni pa mwananchi, na mara nyingi asiye nao ndiye mwenye sauti kubwa zaidi, kwa sababu anaahidi zaidi.

Wenzetu walifanyaje

Taaluma hii si ya kale hata huko ilikoanzia. Desemba 1969 watu kumi na watatu walikutana Chicago, Marekani, wakilalamikia jambo lile lile: kwamba wauzaji wa bima na wauzaji wa hisa hawakumtazama mteja kama mtu mmoja mwenye maisha mamoja. Kutokana na mkutano huo kilizaliwa chuo, na mwaka 1973 wakahitimu wa kwanza waliopewa cheti kijulikanacho kwa herufi CFP. Leo cheti hicho kinatolewa katika nchi nyingi, chini ya baraza la kimataifa lililoundwa mwaka 2004. Nguzo zake ni nne: elimu, mtihani, uzoefu wa kazi, na maadili. Anayevunja maadili hunyang'anywa cheti.

Afrika Kusini ilikwenda mbele zaidi kwa kuliweka jambo katika sheria. Mwaka 2002 ilitunga sheria ya ushauri wa fedha inayomtaka kila anayetoa ushauri awe na leseni au afanye kazi chini ya mwenye leseni, na ikaweka msuluhishi ambaye mwananchi aweza kumpelekea malalamiko pasipo kuajiri wakili. Uingereza nayo, kuanzia mwisho wa mwaka 2012, iliwakataza washauri wa uwekezaji kupokea kamisheni kutoka kwa kampuni ambazo bidhaa zake wanazipendekeza, ikapandisha pia kiwango cha elimu wanachotakiwa kuwa nacho.

Uingereza ilijifunza kitu ambacho nasi hatuna budi kukikumbuka. Kamisheni ilipoondolewa, ushauri ukawa safi zaidi, lakini ukawa wa kulipiwa waziwazi, na wenye fedha kidogo wakashindwa kuufikia. Kwa hiyo anayetaka kuiga asiige nusu. Tukichukua cheti cha kigeni kama kilivyo, chenye mtihani wa Kiingereza na ada ya dola, tutapata wataalamu wachache watakaokaa Dar es Salaam na kuwahudumia matajiri. Mwalimu wa Makete na mkulima wa Ismani watabaki mikononi mwa shemeji.

Hoja za wapinzani

Tunazijua hoja zitakazotolewa kupinga, na baadhi yake ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Ni kweli. Wapo wahasibu wenye vyeti waliofungwa, na wapo mawakili waliofutwa. Lakini neno lenyewe lajibu hoja: walifutwa. Palikuwapo orodha ya kuwafuta. Leo mtu aliyepotosha familia kumi katika kata moja aweza kuhamia wilaya ya pili akaanza upya, kwa maana hakuna mahali palipoandikwa jina lake.

Ya pili ni kwamba jambo hili litaongeza urasimu na gharama. Hatari hiyo ipo. Ikiwa usajili utageuzwa kuwa chanzo cha mapato, ambapo mshauri hulipa ada tano kwa mamlaka tano, basi waaminifu watakata tamaa na matapeli wataendelea, kwa kuwa tapeli hajali leseni. Usajili uwe mmoja, na uwe wa bei nafuu.

Ya tatu, na ndiyo inayotugusa zaidi, ni kwamba wananchi wetu hawana fedha za kupanga. Kwamba kuwaletea mshauri wa fedha ni kumletea kinyozi mwenye kipara. Hoja hiyo tunaikataa kabisa. Mwenye milioni mia akipoteza kumi, anakosa gari jipya. Mwenye milioni kumi akipoteza kumi, anakosa chakula cha uzeeni, na mwanawe anakosa shule. Aliye na kidogo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kutokosea. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakusema mali nyingi.

Tunachopendekeza

Kwanza, jina lilindwe. Iwe ni marufuku kwa mtu ye yote kujitangaza kuwa mshauri wa mipango ya fedha binafsi pasipo kusajiliwa. Hakuna haja ya kujenga jengo jipya wala kuunda mamlaka nyingine; wasimamizi waliopo, chini ya Wizara ya Fedha, waweza kukubaliana juu ya orodha moja.

Pili, cheti kiwe na ngazi mbili. Ngazi ya juu iwe ya mtaalamu kamili, anayeweza kushughulikia pensheni, uwekezaji, kodi, bima na mirathi. Ngazi ya chini iwe ya mshauri wa kaya, atakayefundishwa kwa miezi michache na kutahiniwa kwa Kiswahili, na ambaye kazi yake ni kusaidia bajeti, madeni, akiba na kutambua upatu, kisha kumpeleka mwananchi kwa mtaalamu jambo likimzidi. Maofisa ushirika na maofisa maendeleo ya jamii walioko katika kila halmashauri, pamoja na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, ndio watu wa kuanza nao. Tayari wananchi wanawajua na wanawaendea.

Tatu, mafunzo yasiishie Dar es Salaam. Mbeya ina tawi la Benki Kuu, ina kampasi ya Chuo Kikuu Mzumbe, ina Taasisi ya Uhasibu na Chuo cha Elimu ya Biashara. Iringa ina vyuo vikuu vyake. Vyuo hivyo vitunge masomo yenye mifano ya msonobari, kakao, chai, mpunga wa Mbarali na viazi vya Uyole. Mtaalamu anayejua soko la hisa la New York lakini hajui kwamba mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, huyo kwetu hajahitimu.

Nne, mshauri aseme kwa maandishi, kabla ya kuanza, analipwa na nani na kiasi gani. Na awe haruhusiwi kamwe kupokea fedha za mteja mkononi mwake au katika namba yake ya simu. Fedha ziende moja kwa moja katika taasisi yenye leseni, kwa jina la mwenyewe. Sharti hili moja, likijulikana na kila mwananchi, litazuia hasara nyingi kuliko mihadhara mia.

Tano, pawepo mahali pa kulalamika palipo karibu. Mstaafu wa Tukuyu asilazimike kusafiri hadi Dodoma. Ofisi ya mkoa ipokee lalamiko, msuluhishi alisikilize kwa muda uliowekwa, na uamuzi uandikwe katika orodha ambayo ye yote aweza kuisoma.

Sita, waajiri na mifuko ya hifadhi ya jamii wasingoje siku ya mwisho. Semina ya siku mbili kwa anayestaafu mwezi ujao ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea akiwa tayari mtoni. Mtumishi aanze kukutana na mshauri akiwa na miaka 50, angali na miaka kumi ya kulipa madeni na kumaliza nyumba.

Kabla sheria haijafika

Sheria huchukua muda, na matapeli hawangoji. Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu wamwulize kila anayekuja na habari za fedha maswali matatu. Wewe unalipwa na nani kwa kunishauri? Ni mamlaka gani iliyokupa leseni wewe au taasisi unayoisemea, ili niende nikaulize? Na faida hiyo inatokana na kazi gani hasa? Mtu mkweli atayajibu bila hasira. Anayekujibu kwamba nafasi zinakwisha leo, au kwamba ukiuliza sana unaonyesha huna imani, huyo amekwisha kujibu.

Tunawaambia pia wastaafu wapya: hakuna dhambi katika kungoja. Fedha zikikaa miezi mitatu katika akaunti halali, kwa jina lako, huku ukiuliza na kufikiri, hupotezi kitu cha kulinganishwa na unachoweza kupoteza kwa haraka ya wiki moja. Zungumza na mwenzi wako wa ndoa. Wapo wengi walioficha mkupuo wasiulizwe, wakaishia kuficha hasara.

Tumekubali kwa miaka mingi kwamba anayegusa mwili wa mgonjwa lazima awe amefundishwa. Tumekubali kwamba anayetengeneza daraja lazima aandikwe jina. Mkupuo wa mwalimu, miti ya Mufindi na kakao ya Kyela ndiyo madaraja ambayo familia zetu huvukia kutoka nguvu za ujana kwenda udhaifu wa uzee. Ni wajibu wa Serikali, wa wabunge wa mikoa yetu na wa vyuo vyetu kuhakikisha kwamba anayesimama kwenye daraja hilo akiwaelekeza watu njia, amepata kuijua njia mwenyewe, na yuko tayari kuulizwa pindi mtu akianguka.